Namba zetu tunazigawa wenyewe

"Ile hela itume kwenye namba hii." Ujumbe huu karibu sote tumeupata, na kila mmoja hujiuliza: namba yangu wameitoa wapi? Mara nyingi hawakwenda mbali. Daftari la wakala hulala wazi mezani, lina majina, namba na kiasi. Na mwenye namba tupu hulipata jina kirahisi: huanza kukutumia pesa, jina likitokea anaghairi.

Lakini mimi natulaumu zaidi sisi wanaparokia. Orodha ya michango ya jumuiya tunaipiga picha, yenye jina, simu na ahadi ya kila mmoja, kisha tunaitupa kwenye kundi la WhatsApp ambalo nusu ya watu wake hatuwajui. Kesho mama mjane anapigiwa na "Paroko" anayejua hata kiasi alichobakiza. Atakataaje?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunayo. Katibu wa jumuiya nani amemsomea? Orodha ibandikwe na majina tu, simu abaki nazo mweka hazina. Mafrateri mnaokwenda likizo, anzeni na jumuiya za nyumbani kwenu. Namba ya tapeli itumeni 15040.