Maswali ya Uraia Yanangoja Watafiti Wake

Elimu ya uraia wa kidemokrasia humwandaa mtu kushiriki katika kuendesha mambo ya jamii yake. Ina sehemu tatu: maarifa ya jinsi dola inavyofanya kazi, stadi za kuhoji, kujadiliana na kuamua, na moyo wa kuheshimu haki ya mwenzako hata pale mnapopingana. Maarifa hufundishika darasani na kupimwa kwa mtihani. Stadi na moyo hujengeka polepole, nyumbani, shuleni, mtaani na siku hizi kwenye simu, na mtihani wa karatasi hauvifikii. Hapo ndipo wanataaluma vijana wa Afrika Mashariki wana nafasi pana ya kufanya kazi yenye mchango wa kweli.

Upana wa nafasi hiyo unaonekana katika takwimu za dunia. Chama cha kimataifa cha kutathmini mafanikio ya elimu, IEA, kiliongoza tafiti kubwa za elimu ya uraia katika miaka ya 1999, 2009, 2016 na 2022. Ule wa mwaka 2009 ulihusisha nchi 38, na walengwa wakuu walikuwa wanafunzi wa darasa la nane, wenye umri wa miaka 14 hivi. Katika awamu zote nne hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyoshiriki. Kwa upande mwingine, Afrobarometer imekuwa ikikusanya maoni ya Waafrika kuhusu demokrasia na utawala tangu mwaka 1999, lakini huwahoji watu wazima, wenye miaka 18 na kuendelea. Mwanafunzi wa kidato cha pili wa Singida, au wa sekondari ya msingi wa Kisumu, hayumo huku wala kule. Nadharia za jinsi shule inavyomlea raia zimejengwa zaidi kwa mifano ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kusini, na bado hazijapimwa vya kutosha katika mazingira ya mwanafunzi huyo.

Eneo la kwanza la utafiti ni mitaala. Tanzania ina historia inayofaa kulinganishwa hatua kwa hatua. Baada ya Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule zilifundisha Siasa chini ya mfumo wa chama kimoja. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, Siasa iliipisha Uraia, na baadaye shule za msingi zikapata Uraia na Maadili. Mitaala iliyoanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kila badiliko limebeba jibu tofauti kwa swali moja: raia mwema ni nani? Vitabu vya kiada, mihtasari na mitihani ya vipindi hivyo ni hazina ya kumtosha mtafiti wa shahada ya uzamili hata bila fedha za safari. Kwa kuwa mitaala hubadilishwa kwa awamu, wanafunzi wa mtaala wa zamani na wa mpya husoma kwa miaka kadhaa chini ya paa moja, na ulinganisho wa namna hiyo haupatikani kila mwaka.

Kenya imechukua njia nyingine. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kitaifa mwaka 2019, unautaja uraia kuwa mmojawapo wa umilisi saba wa kimsingi unaotakiwa kupenya katika masomo yote. Swali la kitafiti ni kama jambo lililokabidhiwa walimu wote lina mwalimu anayelishughulikia. Jibu litapatikana kwa kukaa nyuma ya darasa la Sayansi au Kiswahili na kutazama kinachofanyika.

Eneo la pili ni maisha ya shule yenyewe. Mwanafunzi anaweza kuitaja mihimili mitatu ya dola, Serikali, Bunge na Mahakama, akapata alama zote, na asiwe amewahi kuuliza swali katika mkutano wowote. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi humfundisha mengi ambayo kitabu hakimfundishi. Ikiwa walimu huchuja majina ya wagombea kabla ya kura, vigezo vyao vinafaa kuchunguzwa: nidhamu, ufaulu, au ukimya? Kiranja mkuu akishachaguliwa, anapeleka malalamiko ya wenzake ofisini au anapeleka majina ya wapiga kelele? Maswali haya hayahitaji sampuli ya mamia ya shule. Shule mbili zilizofuatiliwa mwaka mzima, kuanzia kampeni hadi kukabidhiana madaraka, zinatosha kwa tasnifu nzuri.

Eneo la tatu liko nje ya shule. Sheria ya serikali za mitaa ya Tanzania ya mwaka 1982 inampa kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeunda kaunti 47 na kuufanya ushiriki wa umma kuwa sharti la kutunga sheria. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliuchambua Muswada wa Fedha mitandaoni, wakaufafanua kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi, kisha wakaingia barabarani. Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Maandamano hayo yaligharimu maisha ya watu. Kwa mtafiti, linabaki swali la wapi vijana hao walijifunzia kusoma muswada kifungu kwa kifungu, na kama shule ina sehemu katika hilo.

Mbinu za kuyajibu maswali haya zipo. Mtafiti Steven Finkel, katika tathmini za programu za elimu ya uraia kwa watu wazima nchini Afrika Kusini, Poland na Jamhuri ya Dominika, alionyesha kwamba mafunzo huzaa matunda zaidi yanaporudiwa mara kadhaa na kuendeshwa kwa ushirikishi, kama vile maigizo na mijadala, kuliko mhadhara wa mara moja. Hiyo ni hoja ya kujaribiwa shuleni. Mradi wa ALiVE nao umepima kujitambua, ushirikiano, utatuzi wa matatizo na heshima kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 wa Kenya, Tanzania na Uganda, kwa zana zilizobuniwa hapa hapa. Takwimu za Afrobarometer hutolewa bure, na mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzichambua.

Zana hizo zina mitego inayomhitaji mtafiti anayeyajua mazingira. Hojaji yenye ngazi tano, kuanzia “nakubali kabisa” hadi “sikubali kabisa”, ikigawiwa huku mwalimu wa nidhamu amesimama mlangoni, itapima utiifu kuliko maoni. Wanafunzi watazungushia jibu linalotarajiwa. Hojaji isiyo na majina, mazungumzo ya vikundi bila mwalimu na uchunguzi wa muda mrefu hupunguza tatizo hilo. Kuna pia utaratibu wa kufuata: vibali vya tume za sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, kwa tafiti zinazovihitaji, ruhusa ya uongozi wa elimu na wa shule, ridhaa ya wazazi na ya watoto wenyewe. Mada ikigusa siasa, maelezo ya wazi kuhusu lengo la utafiti huondoa hofu mapema.

Njia za kuendelea zipo pia. CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye makao yake Dakar, limekuwa likitoa mafunzo na ruzuku kwa watafiti vijana wa bara zima. Majarida ya vyuo vikuu vya kanda hupokea makala za elimu, na makala ya kwanza iliyotolewa kwenye tasnifu humfungulia mwandishi mlango wa ushirikiano. Kuandika kwa Kiswahili kuna faida ya pekee katika uwanja huu, kwa sababu walimu, maofisa elimu na wazazi wanaohusika na matokeo wanaweza kuyasoma na kuyapinga.

Wajibu uliobaki ni wa taasisi. Idara za elimu na za sayansi ya siasa zinapaswa kusimamia tasnifu kwa pamoja, maana mada hii iko katikati yao. Mabaraza ya mitihani yanaweza kuwafungulia watafiti majibu ya wanafunzi yaliyoondolewa majina. Wizara zikibadilisha mtaala, zitenge tangu mwanzo fungu la kutathmini unachowafanyia wanafunzi kiraia. Hatua hizo zikichukuliwa, mtaala ujao wa uraia utaandikwa kwa ushahidi uliokusanywa katika madarasa yatakayoutumia.