Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Chonyonyo, wilayani Karagwe, ambako hakuna kiwanja cha ndege, lakini kila mwenye mgonjwa wa kuwahishwa Dar es Salaam huteremka kwa njia ya Kyaka hadi Bukoba, akaiweka roho yake katika dhamana ya rubani asiyemjua.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. 19 wakafariki, na katika 24 waliosalimika wengi walitolewa na wavuvi waliotangulia kufika kwa mitumbwi. Marubani wote wawili walifariki, nami sithubutu kuwahukumu. Muradi wangu ni hawa warukao leo.

Najua kwamba rubani wa abiria hupimwa mara mbili kila mwaka, aghalabu katika mtambo uigao urukaji, ambamo injini huzimwa kwa makusudi, naye hufunzwa kuiongoza ndege kwanza, kisha kujua aelekeako, na kuzungumza redioni mwisho, maana jambo la ghafula humpumbaza hata mjuzi. Hayo ni mema, ila mtihani ule rubani huijua tarehe yake. Wingu la vuli juu ya ziwa halina tarehe.

Kwa hiyo naomba mazoezi ya kila rubani aendaye Bukoba yawe ya Bukoba hasa, na kubwa kuliko yote liwe kughairi kutua na kurejea Mwanza mapema, mafuta yangali mengi, wala asiulizwe na mwajiri gharama yake. (Nasi abiria tuna letu: nimewasikia watu wakimlaani rubani aliyewarudisha Mwanza, ilhali walikuwa wazima wa kulaani.)

Fauka ya hayo, siku ile Mkuu wa Mkoa alitangaza kwamba marubani walikuwa hai, wakiwasiliana kutoka chumbani mwao, nao hawakutoka. Majaliwa Jackson, mvuvi kijana, alieleza jinsi alivyoufungua mlango wa nyuma kwa kasia. Basi mazoezi yafike mwaloni, rubani na mvuvi wakutane, mvuvi aoneshwe milango na madirisha ya dharura hufunguliwaje kwa nje.

Tunaomba zoezi la kwanza lifanyike kabla ya vuli ijayo, na tarehe yake itangazwe redioni, ili nasi wa Chonyonyo tuteremke kulishuhudia.

Wako mtiifu,
Abiria wa Chonyonyo