Mlango Mmoja, Ufunguo wa Wachache



Kila unapokaribia uchaguzi mkuu, sisi wachungaji na viongozi wa walei tunawahimiza waamini wajiandikishe, wapige kura kwa dhamiri safi, wala wasiuze shahada zao kwa kanga na kilo ya sukari. Tunafanya vema. Hata hivyo yatupasa kukiri kwamba tumezoea kuanza kusema wakati sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika. Mwananchi anapofika kituoni anakuta karatasi yenye majina. Ni nani aliyeyaweka majina hayo? Tunaomba swali hili lijadiliwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa maana linagusa haki ya kila mmoja wetu.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 39, yataka anayegombea Urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Asiye na chama hana njia. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana na hayati Mchungaji Christopher Mtikila kwamba mgombea binafsi ana haki ya kusimama. Bunge likabadili Katiba ili uamuzi huo usifanye kazi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema suala hilo ni la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaamua kwamba zuio hilo linavunja haki za raia. Hadi uchaguzi wa Oktoba 2025 zuio lilikuwa lingali palepale.

Basi tuangalie ndani ya vyama. Mwaka 2015 wanachama 38 wa Chama cha Mapinduzi walirudisha fomu za kuomba kuteuliwa. Kamati Kuu iliwachuja wakabaki watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, ndipo Mkutano Mkuu ukapiga kura. Hayati John Magufuli alipata kura 2,104, Balozi Amina Salum Ali 253 na Dkt. Asha-Rose Migiro 59. Hesabuni wenyewe: watu wasiofika 2,500 walichagua kati ya watatu, na hao watatu walikwisha kuchaguliwa na wachache zaidi. Hayati Edward Lowassa, aliyekuwa na wafuasi wengi, aliondolewa katika hatua ya kwanza, na wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe wakajitokeza hadharani kujitenga na uamuzi huo.

Hatusemi kwamba alistahili kuteuliwa. Hilo si letu. Tunasema kwamba mamilioni ya wanachama wa chama hicho hawakuulizwa. Wala wapinzani wasifurahi. Lowassa alipojiunga na CHADEMA mwishoni mwa Julai 2015, ilichukua siku chache tu kumfanya mgombea, na Katibu Mkuu aliyekuwa amekibeba chama katika uchaguzi wa 2010 akajitenga. Wanachama waliozunguka vijijini kwa miaka mingi walipewa jina, wakaambiwa walipigie makofi.

Mwaka 2025 hata mchujo haukuwapo. Januari 18 na 19, Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM ulioitishwa Dodoma uliazimia kwamba Rais Samia Suluhu Hassan awe mgombea pekee wa chama, miezi tisa kabla ya uchaguzi, bila fomu kutolewa kwa mwingine yeyote. Watetezi walisema ni desturi kumwachia Rais aliyeko madarakani amalize vipindi vyake. Nasi twauliza: desturi inayomzuia mwanachama hata kuomba, inamlinda nani?

Zipo hoja tatu zinazotolewa kuutetea utaratibu huu, na haki yataka tuzijibu.

Ya kwanza, kwamba chama ni mali ya wanachama wake, wala wasio wanachama wasiingilie. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kungekuwa na njia nyingine ya kuingia Ikulu. Lakini sheria ya nchi imekifanya chama kuwa mlango pekee. Anayeshika ufunguo wa mlango pekee wa nyumba ya wote hawezi kudai kwamba ufunguo ule ni siri ya familia yake. Ama mgombea binafsi aruhusiwe, ama vyama vikubali kwamba uteuzi ni jambo la umma.

Ya pili, kwamba wazee wa chama wanawafahamu waombaji, nao huwazuia matajiri wasinunue Urais. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini rushwa hupenda idadi ndogo. Ni rahisi kuwahonga wajumbe elfu mbili waliolala katika nyumba za wageni za mji mmoja kuliko kuwahonga wanachama laki moja waliotawanyika nchi nzima. Kule Ghana, chama cha NPP kilipanua wapiga kura wake wa uteuzi kutoka elfu mbili na ushee hadi zaidi ya 100,000 mwaka 2010, wala chama hakikufa. Huko Marekani, mwaka 1968 chama cha Democratic kilimteua Hubert Humphrey ambaye hakushindana katika kura za awali za majimbo. Ghasia na aibu ya Chicago zililazimisha taratibu zibadilishwe. Vigogo wakarudishiwa kura maalumu miaka ya 1980, na mwaka 2018 kura hizo zikaondolewa katika duru ya kwanza yenye ushindani. Mvutano huu hauishi, lakini unaweza kuwekewa kanuni.

Ya tatu inatuelekea sisi wenyewe: Je, Papa hachaguliwi na makardinali wachache ndani ya mlango uliofungwa? Ni kweli. Lakini Papa hatozi kodi wala haamrishi jeshi la nchi yetu. Tena Maandiko yanatufundisha njia nyingine. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, Mitume walitaja waziwazi sifa za watu saba waliohitajika, wakaiachia jumuiya iwachague, kisha wakawawekea mikono. Vigezo vilitangazwa, watu wakachagua, viongozi wakathibitisha. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba Kanisa linaithamini demokrasia kwa sababu inawashirikisha raia, wala haliwezi kuunga mkono vikundi vidogo vinavyojitwalia madaraka kwa faida yao.

Tunadai nini, basi? Kwanza, Katiba imruhusu mgombea binafsi. Pili, kila chama kitangaze vigezo vyake mapema, na anayeenguliwa aelezwe sababu kwa maandishi. Tatu, wanachama wote wapige kura ya siri katika matawi yao, na matokeo yabandikwe ukutani.

Ninyi walei mlio wanachama wa vyama, wajibu huu ni wenu kabla haujawa wetu. Ulizeni katika vikao vya tawi: mgombea wetu alipatikanaje? Mkiambiwa kwamba wakubwa wamekwisha kuamua, msikae kimya kwa kisingizio cha utii. Utii wa Kikristo haujawahi kumtaka mtu aache dhamiri yake mlangoni. Anayengoja siku ya kura ndipo aanze kuchagua, amechelewa. Amebaki kuthibitisha walichochagua wengine.

Mungu wa haki awape ujasiri wa kuuliza, na busara ya kuuliza bila chuki.