Fizikia Ianzie Karakanani

Elimu yangu ni darasa la saba, na huenda mtu akauliza nina haki gani kusema juu ya fizikia. Haki yangu ni kwamba kijana akiumia kazini, ni mimi ninayeitwa.

Katika karakana moja ya mageti hapa Kampala, kijana aliyemaliza kidato cha nne alifunga diski ya kukatia chuma ya milimita 230 kwenye mashine ndogo ya milimita 115. Ili iingie, aliondoa kinga. Mashine kubwa ilikuwa mbovu wiki tatu, na tajiri hakutaka kazi isimame. Diski ikapasuka, kipande kikamtoboa shavu. Tajiri alisema ni bahati mbaya. Hospitalini nilimuuliza kijana kama shuleni walisoma habari ya vitu vinavyozunguka. Akanitajia kanuni yote kwa kichwa!

Basi hiyo kanuni ndiyo iliyomjeruhi. Diski ile imeandikwa isizidi mizunguko 6,600 kwa dakika. Hapo ukingo wake hukimbia karibu mita 80 kwa sekunde. Mashine ndogo huzunguka mara 11,000, na ukingo ukafika mita 132. Tena mkazo wa kuipasua hauongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, mkazo huwa mara nne. Kwa diski ile ulikuwa karibu mara tatu ya ule iliopaswa kuhimili.

Mwalimu angeanza na kombeo. Mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe anajua kwamba kamba hulivuta jiwe kuelekea mkononi, na ukiiachia, jiwe hushika mstari ulionyooka, kule lilikokuwa linaelekea dakika ile. Chembe za diski ni mawe hayo, na gundi pamoja na wavu ndiyo kamba yake. Kwa hiyo fundi mwangalifu hasimami katika mstari wa diski inayozunguka, na kinga haiondoi.

Mtaala mpya wa sekondari ulioanza hapa Uganda mwaka 2020 unataka mwanafunzi atende, si kukariri tu. Vyema, lakini atende kwa kutumia nini? Matawi yetu yaalike shule za jirani karakanani, mashine zikiwa zimezimwa. Wanafunzi wasome maandishi ya diski, wapige hesabu ya ukingo. Wafungue nati kwa spana fupi, kisha wachomeke bomba kuirefusha. Utingo yeyote wa lori atawaonyesha. Na tajiri naye aalikwe, akae benchi la mbele.