Hukumu ya Kandambili

Katika nyumba nyingi za Garissa, na za Wajir na Mandera vilevile, mna mahakama isiyo na hakimu wala shahidi. Mshtakiwa huonekana ukutani baada ya magharibi, taa ziwashwapo. Mtu mmoja hupiga kelele, mwingine huvua kandambili, na kabla mshtakiwa hajaulizwa jina lake hukumu imekwisha kupitishwa na kutimizwa. Asubuhi mzoga hufagiwa pamoja na makombo ya chakula. Ukiuliza aliyeuawa ni nani, utajibiwa kwamba ni buibui. Ukiuliza ni buibui gani, utatazamwa kama mtu aliyeuliza swali la kitoto.

Naipinga mahakama hiyo. Huruma kwa viumbe si aibu, walakini sidai huruma hapa. Naipinga kwa sababu huhukumu vibaya: humwachilia mwenye hatari, humuua asiye na hatari, na pengine huwadhuru wale wale inaodai kuwalinda.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwalimu katika shule moja ya bweni pande hizo. Mvulana mmoja wa kidato cha pili aliamka na uvimbe juu ya kifundo cha mguu. Usiku uliotangulia, buibui mkubwa, bapa, wa rangi ya kijivu, alikuwa ameonekana ukutani karibu na kitanda chake. Haukutakiwa ushahidi mwingine. Buibui aliuawa, mguu ukapakwa majivu na kufungwa kitambaa, na wenzake wakamwambia kijana avumilie, maana sumu ya buibui hutoka yenyewe. Siku ya nne alitetemeka kwa homa, na wekundu ulikuwa umepanda hata gotini. Hospitalini daktari alipasua jipu, akatoa usaha, na ndani ya usaha akakuta ncha ya mwiba wa mgunga. Kijana alikuwa amechomwa alipokuwa akichunga mbuzi wa baba yake katika siku za mwisho za likizo, naye alikuwa amekwisha kusahau. Alipona, lakini alichechemea muhula mzima. Na mimi, niliyeyaona majivu yale siku ya kwanza nikapita bila ya kusema neno, sijajisamehe bado.

Kisa hicho si cha ajabu. Madaktari wa nchi mbalimbali wamekuta mara nyingi kwamba kidonda kinachoitwa cha buibui ni kidonda cha bakteria, na kwamba mgonjwa hakumwona mnyama yeyote akimuuma. Buibui husingiziwa kwa sababu yu karibu na hawezi kujitetea. Aliye na kidonda kinachovimba na kupata homa anahitaji mganga wa hospitali, sio mzoga wa buibui.

Sasa sikilizeni mwisho wa habari hiyo. Wiki chache baadaye tulikuwa tukitoa nje viti vya chumba cha kulia ili vioshwe. Chini ya kiti kimoja, katika pembe ambapo mguu hukutana na kikalio, palikuwa na utando wa ovyo ovyo, usio na umbo la gurudumu, na katikati yake vifuko viwili vyeupe vya mayai vilivyojaa vijinundu kama miiba. Mwenye nyumba alijikunyata ndani: mdogo, wa rangi ya kahawia, tumbo lake duara kama punje ya mbaazi. Tulipompindua kwa kijiti tuliona chini ya tumbo alama ya rangi ya chungwa, mfano wa pembetatu mbili zilizogusana ncha. Jina lake la kitaalamu ni Latrodectus geometricus. Huyu ndiye aliyekuwa na sumu ya kutazamiwa katika shule nzima; kuuma kwake ni kwa nadra na kwa kawaida huishia kwenye maumivu ya mahali palipoumwa, lakini mtoto mdogo aliyeumwa yafaa aonwe na daktari. Wanafunzi walikuwa wamekalia kiti hicho muhula mzima. Yule mkubwa wa ukutani, aliyekufa kwa kosa la mwiba, hakuwa na nia na mtu. Alikuwa akivizia mende. Kandambili ilikuwa imehukumu kwa ukubwa wa umbo.

Hapa ndipo ninapoona aibu yetu kubwa. Mfugaji wa Wajir huutambua unyayo wa ngamia wake kati ya nyayo nyingi zilizokwenda kisimani. Humjua mti kwa ganda lake na malisho kwa harufu yake. Hakujifunza hayo kitabuni. Alijifunza kwa kutazama, kwa kuwa ufugaji wake na uhai wa watoto wake vilitegemea macho. Mjukuu wa mtu huyo leo amekaa darasani, ameandika katika daftari kwamba buibui ana miguu minane na sehemu mbili za mwili na hana pembe za kupapasia kama mdudu, amepata alama nzuri, kisha jioni hawezi kupambanua buibui na nge. Babu yake angemcheka. Na wapo walioyasikia tangu utotoni masimulizi ya buibui aliyetanda utando mlangoni mwa pango la Thaur wakati wa Hijra, wanaojua kwamba sura ya 29 ya Kurani inaitwa kwa jina lake, na ambao bado huvua kandambili kwanza na kukumbuka baadaye.

Mshtakiwa anayechukiwa kuliko wote katika nchi hiyo kavu si buibui hata kidogo. Ni yule mnyama wa rangi ya mchanga, mwenye nywele, aendaye mbio usiku, ambaye Waingereza humwita buibui wa ngamia. Yasemwa kwamba hukimbiza watu, kwamba hurukia tumbo la ngamia, kwamba humla nyama mtu aliyelala bila ya mwenyewe kusikia. Wataalamu wamemweka katika oda yake ya peke yake, Solifugae, jamaa wa mbali wa buibui na wa nge. Hafumi utando. Ana macho mawili makubwa mbele, na huonekana kama mwenye miguu kumi kwa kuwa vipapasio vyake viwili ni virefu kama miguu. Sumu yake haijulikani, bali taya zake ni kubwa na zaweza kupasua ngozi. Jeraha lake lataka maji na sabuni kama jeraha jingine lolote. Akikufuata mchana, hakufuati wewe, anafuata kivuli chako, maana hulikimbia jua. Ondoka na kivuli chako naye atatafuta kingine. Akija kwenye taa usiku, amefuata wadudu. Huku watu wakimkimbiza huyu chumba kizima kwa fimbo, nge yumo katika kiatu kilichoachwa mlangoni, na asubuhi mtoto atatia mguu bila ya kukung'uta. Nge mwenye mkia mnene na koleo nyembamba ndiye wa kuogopwa zaidi, na ningependa kila mtoto wa Garissa aijue alama hiyo kabla ya kujua mito ya Ulaya.

Mama mmoja, mlezi wa bweni letu, alinipinga kwa maneno ambayo siwezi kuyapuuza. "Mwalimu," alisema, "wewe huna watoto sitini wa kulaza. Mimi nikiona kitu cha miguu minane juu ya kitanda cha mtoto, sina nafasi ya kumhesabia macho. Nikiua asiye na kosa, nimepoteza nini?"

Nilimjibu kwa heshima, na namjibu tena. Kwanza, Mama, hatukuambii umwache juu ya kitanda. Kikombe na kipande cha karatasi humtoa nje salama, na kwa muda mfupi kuliko ule wa kuhamisha vitanda kwa kumfukuza. Pili, ulichopoteza ni mwindaji. Yule mdogo mwenye macho mawili makubwa mbele, atembeaye ukutani kwa mirukomiruko na kugeuka kukutazama, hawinda kwa utando bali kwa macho, na mbu na nzi ni katika chakula chake. Yule mwembamba mwenye miguu mirefu kama nyuzi, anayening'inia katika pembe za dari, hunasa wadudu wanaopita usiku kucha nawe umelala.

Kuhusu hao warukaji, Kenya yenyewe imeupa ulimwengu somo. Kandokando ya Ziwa Victoria, mbali sana na Garissa, yupo mmoja aliyepewa jina la Evarcha culicivora mwaka 2003, na jina hilo la pili lina maana ya mla mbu. Watafiti walimchunguza katika kituo cha ICIPE huko Mbita, na mwaka 2005 walitangaza kwamba huchagua mbu jike waliokwisha kunyonya damu; tena hupenda zaidi mbu wa Anopheles, yule aenezaye malaria. Baadaye walionyesha kwamba huvutwa na harufu ya mwili wa mtu, hata ya soksi zilizovaliwa. Kiumbe huyo asingejulikana kama waliomwona mara ya kwanza wangekuwa na kandambili mkononi. Hadi mwaka 2022 wataalamu walikuwa wameorodhesha aina 50,000 za buibui duniani, na sidhani kwamba nchi ya Tana hata Mandera imekwisha kutoa zake zote.

Nchi hiyo inawajua mbu. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Niño ziligeuza nyanda kavu kuwa maziwa, na homa ya Bonde la Ufa ikaingia katika mifugo na watu; Garissa iliumia sana. Ilirudi mwishoni mwa mwaka 2006, na hadi Machi 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini Kenya. Sitamdanganya msomaji kwamba buibui wangezuia maafa hayo. Gharika ya mbu haizuiwi na askari wachache wa ukutani, na wengi waliambukizwa kwa kushika damu na nyama ya mifugo wagonjwa. Chandarua hakina badala. Nastaajabu tu kwamba watu waliopigwa na adui wa namna hiyo wawe wepesi hivyo kuwaua wanaomla.

Mama mlezi hakukubali yote niliyosema. Alikubali jambo moja: tulitundika daftari kwa uzi kwenye mlango wa bweni, tukaweka kando yake tochi na gilasi ya plastiki, na ikawa sharti kwamba anayetaka kuua aandike kwanza alichokiona. Juma la kwanza halikuandikwa neno, wala sikusikia kandambili. Juma la pili nilikuta mistari miwili kwa mwandiko wa yule kijana wa mguu: "Mwembamba, miguu mirefu, pembe ya dari juu ya dirisha. Nikiugusa utando anatikisika mwili mzima. Chini yake mna mbu wanne wakavu. Sijamuua."