Beji ya Mjomba: Usiivae, Iulizie!

Leo tudandie basi la Gongo la Mboto, tupite Pugu mpaka Kisarawe. Huko ukikaa kijiweni na wazee, hukosi anayesema "enzi zangu kuruta". Kambi ya Ruvu nayo iko upande wa Kibaha, si mbali.

Nasema hivi kwa sababu kuna ugonjwa mpya wa kukusanya vitu vya kale. Wengine sarafu, wengine stempu, wengine beji za kofia za kijeshi. Uingereza watu wanazipanga beji za kadeti kama vikombe kabatini, na wanauziana. Kwetu aliyemkaribia kadeti ni kuruta wa JKT.

Jeshi hilo lilianza Julai 1963. Mwaka 1966 likawa lazima kwa wasomi, wanachuo wa Dar wakaandamana, Mwalimu akawatimua karibu 400. Ulazima ukasitishwa 1994, ukarudi 2013. Kwa hiyo beji ndani ya kopo la mjomba inasema mengi: kwata, chenja za alfajiri, jembe na ugali wa kambini.

Sasa sikiliza, msela. Usiibandike kwenye kofia yako ukaenda nayo disko! Raia kuvaa sare na alama za jeshi bila ruhusa ni kosa. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba raia wasalimishe mavazi ya kijeshi. Na kuinunua mtaani usithubutu. Mjomba akitaka kukupa, mwambie kwa adabu akaulize kambini kwanza.

Kitu cha kukusanya ni habari zake. Anza na "shikamoo mjomba", kisha uliza: operesheni gani? Kambi gani? Afande gani alikuwa mkali? Andika kwenye daftari, na picha zake za ujanani zipige nakala. Beji yenyewe usiisugue kwa Brasso. Ukiing'arisha umeifuta umri.

Mfano upo. Tanganyika Rifles lilirithi askari wa KAR Desemba 1961, likaasi Januari 1964, na Septemba mwaka huo JWTZ likazaliwa. Jeshi zima, miaka miwili na ushee! Beji ya jeshi hilo bila mwenyewe wa kuisimulia ni bati tu.

Na wazee wanaondoka, jamani. Jumamosi hii usiende ufukweni, nenda kwa mjomba. Na sukari ubebe.