RAMANI YA UDONGO TUIONE!

Ndugu msomaji, wewe unayebeba mawe mjengoni, umewahi kuonyeshwa ramani ya udongo wa mtaa wako?

Mkoloni aliujua udongo wa Nairobi. Alijijengea magharibi, kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Mwafrika akatupwa Eastlands, kwenye udongo mweusi unaofura mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Mkoloni alienda zake. Sisi tungali papo hapo, sasa kwa maghorofa!

Udongo huo ukikauka utadhani ni mwamba. Ukilowa unalainika, na mfinyanzi laini haubebi salama hata tani nane kwa mita moja ya mraba. Mwenye ploti anachimba kijuujuu, anamwaga zege, anaongeza orofa. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jumba la orofa sita liliporomoka kando ya mto huko Huruma. Waliokufa walipita 40.

Tunadai: nguvu ya udongo ipimwe mtaa kwa mtaa, ramani ibandikwe kwa chifu, na kila ploti ichimbwe shimo la kupimia kabla ya msingi. Tajiri akikwambia udongo ni udongo tu, muulize: shimo liko wapi? Humo ndani utalala wewe, si yeye!